Naomba Kurudishiwa Robo Nisiyoijua

Nyumbani kwa Shangazi Generosa,
Makole, Dodoma.
Jumatano, 22 Mei 2024.

Kwa Mama Mkuu wa Shule (kwa mkono)

Shikamoo Mama Mkuu,

YAH: MWALIMU WA FIZIKIA KUTUFUNDISHA MPAKA TUELEWE

Leo, tarehe iliyoandikwa hapo juu, nimeketi mezani kwa Shangazi nikiwa nimenawa mikono, na ninaahidi kukueleza yote bila kuficha, hata yale yanayoniaibisha mimi mwenyewe. Naitwa Klara Paskali, wa Kidato cha Pili. Bila shaka unanikumbuka. Ndimi niliyekuwa wa kwanza darasani mwaka jana, muhula wa kwanza na wa pili, ukanipa beseni la bluu na kuniambia niendelee hivyo hivyo. Niko tayari kuendelea hivyo hivyo. Anayenizuia ni Mwalimu Wambura.

Simsemi kwa ubaya. Mwalimu Wambura hachapi, hachelewi kipindi, na hajawahi kumwita mtu mjinga. Kosa lake ni moja tu: tangu Januari amekataa kutupa alama. Badala yake amebandika kwenye ukuta wa maabara karatasi kubwa yenye majina yetu kwa alfabeti, na mbele ya kila jina kuna mada za muhula. Ukielewa mada anaandika Umemudu. Usipoelewa anaandika Bado. Hakuna sifuri, hakuna mia, hakuna kalamu nyekundu. Mwenye Bado anarudi kujaribu akiwa tayari, akishindwa anarudi tena, na mwalimu anampokea kama mgeni aliyekuwa anamsubiri. Tulidhani kufikia Pasaka atakuwa amechoka. Pasaka imepita, hajachoka.

Naomba nipange malalamiko yangu kwa namba, ili ukichoka ujue umefikia wapi.

1. Nimenyang'anywa nafasi yangu. Jirani yetu Mama Shamila, kila nikienda kuchota maji, huniuliza, "Mwanangu, wewe ni wa ngapi siku hizi?" Zamani nilijibu wa kwanza, naye alisogeza ndoo yake nichote mbele yake. Juzi nilimjibu kwa ukweli: "Nimemudu mwanga, nimemudu joto, wenzo bado." Akaniangalia kwa huruma kama mtu aliyetoka kulazwa, akasema pole, akachota ndoo zake zote na za dada yake. Nilifika shuleni nimechelewa. Kwa hiyo mfumo huu unaleta pia utoro.

2. Mwaka jana katika fizikia nilipata 78, ambayo ni A. Naomba uitazame vizuri ile A. Ndani yake kulikuwa na maswali niliyokosa, yenye jumla ya alama ishirini na mbili, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari zake. Yalikuwa mambo yangu binafsi. Niliyafungia ndani ya A kama nguo chafu ndani ya sanduku zuri, na safari ikaendelea. Mwalimu Wambura alilifungua sanduku siku ya kwanza. Aliniita mezani akasema kwa upole, "Klara, hii A ni nzuri. Hebu sasa tuone kilichobaki." Kilichobaki, Mama Mkuu! Mtu amekula, ameshiba, ameshukuru, wewe unamwuliza habari za ukoko! Mimi naamini mwanafunzi ana haki ya kutojua robo. Hata kwenye sherehe, mtu mwenye adabu hamalizi sahani.

3. Sasa nifike kwenye wenzo, ambao ndio ulionifikisha kwenye barua hii. Wenzo ni ubao mrefu uliolala juu ya egemeo. Egemeo letu ni tofali la kuchoma. Upande mmoja wa ubao kuna mzigo, upande wa pili unaubonyeza, na mzigo unapanda. Kazi tuliyopewa ni kunyanyua ndoo ya mchanga kwa kutumia jiwe dogo kuliko ndoo yenyewe.

Zamu yangu ilipofika nilisimama wima nikakariri kanuni neno kwa neno, na penye mkato nilipumzika. Mwalimu akasema, "Safi sana. Sasa nyanyua ndoo."

Naomba ujue kwamba mimi nimekulia nyuma ya mizani. Tangu nilipokuja mjini, kila Jumamosi namsaidia Shangazi kuuza karanga na choroko pale Majengo, na mizani yake ni ile ya mawe, yenye sahani mbili. Sahani ya karanga ikiwa nzito, unaweka jiwe upande wa pili. Isiponyanyuka, unaongeza jiwe lingine. Majengo nzima inafanya biashara hivyo na hakuna anayelala njaa kwa kukosa kanuni. Kwa hiyo niliweka jiwe. Halikutosha, nikaongeza. Nikaongeza tena. Nikaenda kuchukua lile kubwa linalozuia mlango wa maabara, nikaongeza na hilo, na mlango ukajifunga kwa kishindo wakati ubao unakatika. Mchanga wote uliingia kwenye viatu vya Mwalimu.

Alivivua, akavikung'uta taratibu, akaniuliza, "Klara, ule umbali unaoutaja kwenye kanuni, unaanzia wapi?"

Nikakariri kanuni upya tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi.

Akaandika Bado. Neno hilo lipo mbele ya jina langu mpaka leo, na kwa kuwa dirisha la maabara halina kioo, upepo ukiingia karatasi inapepea na kila mtu anageuka kuitazama.

4. Kuna mwenzetu anaitwa Witness. Mwaka mzima uliopita alikuwa wa mwisho, na alikuwa wa mwisho kwa moyo safi, hakuwahi kumlalamikia mtu. Darasa linahitaji wa mwisho kama nyumba inavyohitaji sakafu. Sasa Witness amemudu wenzo kabla yangu. Si hivyo tu, anaelekeza wengine, kwa sababu Mwalimu anasema aliyemudu amsaidie mwenzake. Akipita karibu yangu anasema, "Vipi wa kwanza, bado?" Nami namjibu "Bado," kwa kuwa ndio ukweli, naye anacheka mpaka anashika ukuta. Siku moja nilimeza aibu nikamwomba aniambie siri. Akasema, "Siri hakuna, mwenzangu. Njoo tukae kwenye ubao." Mama Mkuu, mtu wa kwanza hakai kwenye ubao. Nilikataa.

5. Mfumo umevuja. Hapa nakiri nilichangia mimi. Nilimsimulia Shangazi wakati wa chakula cha usiku nikitegemea atanihurumia. Shangazi aliacha kutafuna, akaniambia nirudie kuanzia mwanzo, kisha akasema, "Huyo mwalimu wenu ana akili sana." Tangu siku hiyo sipiki ugali nikala. Napika, Shangazi anaukata katikati kwa kijiko, anatazama ndani, anasema, "Bado. Una mabonge. Rudia." Anasema bila hasira yoyote, na hilo ndilo linaloniumiza.

Kisha akampelekea habari Mwalimu Edward wa kwaya. Tangu wiki iliyofuata Pasaka, kwaya yetu inaimba ubeti wa kwanza tu wa wimbo mmoja, kwa sababu wenye sauti ya nne hawajaumudu, na Mwalimu Edward amesema hatuendi ubeti wa pili kwa kubahatisha. Tunauimba tukiingia kanisani, tunauimba wakati wa sadaka, tunauimba tukitoka. Watoto wadogo wameanza kuuimba kabla yetu.

Lakini kubwa ni la posa. Binti wa Shangazi, dada yangu Evodia, ameposwa na kijana mmoja wa Mkonze anayeitwa Noeli. Mshenga wao ni Mzee Thomas, mtu mwenye maneno mazuri sana. Alikuja, akakaribishwa, akasema yote yanayosemwa. Kawaida angeambiwa, "Tumesikia, tutawajibu." Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho akasema, "Bado, baba. Umesema kijana ni mchapakazi. Hebu nieleze kwa maneno yako." Mzee Thomas akakohoa. Akarudi Mkonze kujifunza. Sasa anakuja kila Jumapili, na kila akija anachinjiwa kuku, maana mgeni ni mgeni hata kama hajamudu. Nimemchunguza, Mama Mkuu, na naona hana haraka ya kumudu. Evodia analia jikoni, na banda la kuku linazidi kuwa kimya.

6. Naiogopea pia nchi. Mji wetu ndio makao makuu, na ofisi zimejaa kila upande. Je, mfumo huu ukivuka barabara ukaingia maofisini? Karani ameandika vizuri, "Suala lako linashughulikiwa," kisha mtu anamwambia, "Safi sana. Sasa eleza kwa maneno yako linashughulikiwaje." Kazi zote zitasimama.

Nchi imejengwa na watu wa robo tatu na inakwenda. Dereva wa bajaji anayenileta shuleni anajua kuwasha, kukata kona na kupiga honi. Breki ndiyo robo yake. Lakini tunafika, ingawa si pale nilipotaka kushukia. Tazama pia fundi aliyeezeka darasa la Kidato cha Kwanza. Nina uhakika alipata 78 kama mimi, kwa sababu upepo wa Agosti uliondoa robo ya bati tu. Robo tatu ilibaki mahali pake mpaka leo, na wanafunzi wamejifunza kukaa upande huo. Hakuna aliyemwita fundi yule arudie. Kwa nini mimi nirudie?

7. Nimeacha hili liwe la mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Hayo mengine ningeweza kuyavumilia.

Nina bibi, anaitwa Emilia, anaishi Chemba. Ndiye aliyenilea mpaka nilipokuja kwa Shangazi. Nyumbani kwetu tunazungumza ile lugha ya kugonga ulimi ambayo wenzangu hupenda kuniomba niiseme ili wacheke. Kiswahili cha Bibi ni cha sokoni na cha sala. Hata hivyo kila shule inapofunga anapanda basi, anakuja, anakaa benchi la mbele kabisa la wazazi. Hotuba hazifuati. Anasubiri maneno mawili tu: "wa kwanza." Akiyasikia anasimama peke yake, kabla hata jina halijasomwa, anapiga vigelegele. Desemba iliyopita alisimama kwa ajili ya wa kwanza wa Kidato cha Tatu, kijana tusiyemjua kabisa, akampigia vigelegele vyote alivyokuwa navyo na kumpa mfuko wa karanga. Zamu yangu ilipofika sauti ilikuwa imekauka, lakini alinipigia hivyo hivyo. Wewe mwenyewe ulicheka, nilikuona.

Ijumaa ya wiki ijayo ni Siku ya Wazazi, na kwa fizikia Mwalimu Wambura amesema nafasi hazitasomwa. Kila mwanafunzi atawaonyesha wazazi kitu kimoja alichokimudu, pale uwanjani, kwa vitendo. Tuliokota vikaratasi vya kura vyenye mada. Nikaokota wenzo. Ambaye mpaka siku hiyo kitu chake ni Bado atakaa na mzazi wake na kuwapigia wenzake makofi.

Kwa hiyo nitakaa pembeni ya Bibi. Atakuwa amekuja na mlenda wa kukausha kwa ajili ya Shangazi na karanga kwa ajili yako. Atamtazama Witness akinyanyua ndoo, atanigeukia, atasubiri. Maneno yake mawili hayatasomwa, naye ataendelea kusubiri mpaka viti vikusanywe. Nitamwambia nini? Mwalimu anasema Bado si kushindwa, Bado ni kwamba uko njiani. Lakini Bibi anakaa kwenye basi nusu siku, njiani anapajua vizuri. Si mahali ambapo mtu hupigiwa vigelegele.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo. Nafasi zirudishwe, angalau kwa siku ile moja, angalau kwa kunong'ona karibu na benchi la mbele. Robo yangu nirudishiwe, na mwalimu yeyote asiitafute tena. Karatasi ya ukutani ifunikwe kwa kitambaa nyakati za upepo. Na Mwalimu Wambura apandishwe cheo apelekwe kwenye ofisi nzuri isiyo na wanafunzi, maana ni mtu mwema na nisingependa aumie.

Nisalimie wote nyumbani kwako, Mwalimu wa zamu, Mama Debora wa jikoni, na mlinzi wa getini ambaye ananijua kwa jina. Mwalimu Wambura pia msalimie, lakini usimwambie salamu zimetoka kwangu.

Ni mimi mwanafunzi wako mtiifu, mwenye robo tatu zilizokamilika,

Klara Paskali
Kidato cha Pili

Nyongeza: Alhamisi, mchana, kwenye ngazi za ofisi yako.

Mama Mkuu, nimeleta barua lakini mlango wako umefungwa, wamesema uko kwenye kikao. Nilipokuwa nasubiri limetokea jambo, na kwa kuwa niliahidi kueleza yote, inabidi niongeze.

Witness alikuwa uwanjani amekaa kwenye ubao mpya ambao Mwalimu ameuleta, mrefu kuliko ule niliouvunja. Alikuwa amekaa karibu na tofali, anakula muwa. Akaniita, "Wa kwanza! Ninyanyue basi." Nikatafuta mawe. Hakukuwa na hata moja, Mwalimu ameyaficha yote tangu siku ile. Basi nikakaa mimi mwenyewe upande wa pili, karibu na tofali, tukatazamana. Witness ni mnene kuliko mimi. Hakusogea hata kidogo, akaendelea kutafuna na kucheka. Nikakasirika. Nikaamua kuondoka, lakini kwa kuwa sketi ilikuwa inanasa kwenye ubao sikusimama, nikajivuta nyuma nikiwa nimekaa. Nikajivuta, nikajivuta, na mara nikaona miguu ya Witness haigusi chini.

Alipiga kelele na muwa ukaanguka. Nikasogea mbele, akashuka. Nikarudi nyuma, akapanda. Sikuwa nimeongeza kitu chochote, nilikuwa mimi yule yule na uzito ule ule. Nilichoongeza ni umbali. Witness akiwa huko juu akaniuliza, kwa sauti ya Mwalimu kabisa, "Klara, umbali unaanzia wapi?" Nikamjibu, "Kwenye tofali."

Ndipo nikaielewa mizani ya Shangazi. Sahani zake mbili ziko mbali sawasawa na katikati, ndiyo maana miaka yote nilikuwa naona mawe tu. Umbali ulikuwepo mbele ya macho yangu kila Jumamosi, ila hakuna aliyewahi kuusogeza. Nilikwenda kumweleza Mwalimu Wambura hivyo hivyo, bila kukariri hata neno, kisha nikanyanyua ndoo kwa jiwe dogo kuliko ngumi zangu mbili. Akachukua kalamu, akaenda ukutani. Mimi nikapiga kigelegele. Sijawahi kujipigia, kilitoka vibaya. Witness akasema, "Hicho bado. Rudia."

Kwa hiyo naomba ufute namba ya kwanza mpaka ya saba, isipokuwa kipande cha kwaya, maana ule ubeti kweli umetuchosha, na kipande cha Evodia, ambaye anastahili kuolewa kabla kuku hawajaisha. Robo yangu siitaki tena. Mwalimu Wambura asipandishwe cheo. Kama umeshampandisha, mshushe, tafadhali, bado hatujafika kwenye umeme.

Sasa nina ombi moja tu. Ndoo ya mchanga ni kitu kidogo kwa mtu aliyetoka Chemba kwa basi. Nataka Siku ya Wazazi Bibi anyanyue mwenyewe, kwa mkono mmoja, na anyanyue mtu. Bibi yangu ni mwembamba kama fimbo yake, lakini ubao ni mrefu. Atabonyeza mwisho wake, na upande wa pili, karibu na tofali, utakuwa umekaa wewe. Hakuna haja ya Kiswahili wala hotuba. Wewe ukishakuwa juu, nitamwambia kwa lugha yetu kwamba huyo aliyemnyanyua ndiye wa kwanza wa shule nzima, na vigelegele atajua mwenyewe avipeleke wapi.

Tutakuwekea mto. Ila lazima nipange tofali mapema, mahali pake hasa, nisije nikavunja ubao wa pili. Nilimwomba Mwalimu Wambura akuulize, akasema hapana, hilo ni swali la mwanafunzi. Basi nakuuliza mimi, kwa heshima zote, na naomba nijibiwe kwa kikaratasi kabla ya Ijumaa, sitamwonyesha mtu: Mama Mkuu, una kilo ngapi?